Harusi ya Minnesota, bila rangi

Nimekuwa kimya kwa muda, kazi ya kuandika programu za watu imenibana. Leo nimeweka msimbo kando ili nizungumzie jambo lililonisumbua mwaka 2004, na ambalo kwa miezi kadhaa nilidhani ni ubovu wa mashine.

Mwaka huo dada yangu mkubwa alifunga ndoa huko Minnesota, Marekani. Nyumbani hakuna aliyepata viza. Wiki chache baadaye bahasha ikafika posta ikiwa na DVD mbili. Mama akaita majirani, chai ikaandaliwa, viti vikaazimwa. Nikatia diski ya kwanza kwenye deki ya DVD niliyonunua kwa mshahara wangu mwenyewe. Sauti ikatoka safi. Lakini picha ilikuwa nyeusi na nyeupe, tena ilikuwa ikipanda juu polepole, inapotea, kisha inatokea chini na kuanza safari upya. Nyanya akauliza kama huko Marekani rangi hazijafika. Watu wakacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu mimi ndiye "mtu wa tarakilishi" wa ukoo mzima.

Fundi wa mtaani akaichukua runinga, akakaa nayo siku 4, akabadilisha kitu fulani, akatoza shilingi 1,500. Ikarudi ikionyesha vituo vyote vya hapa nchini vizuri kabisa, kama ilivyokuwa ikivionyesha kabla hajaigusa. DVD ya harusi ikabaki vilevile, nyeusi na nyeupe, ikipanda kama ngazi.

Simlaumu sana. Runinga haikuwa na ubovu, na diski haikuwa na ubovu. Tatizo lilikuwa limewekwa pale na kamati na wahandisi miaka 40 hadi 60 kabla, na hebu niwasimulie walivyoliweka.

Mambo yanaanzia kwenye stima. Marekani umeme wa ukutani hugeuza mwelekeo wake kwa mizunguko 60 kila sekunde. Ulaya, na hapa kwetu, ni mizunguko 50. Runinga za zamani hazikuwa na uwezo mzuri wa kuchuja umeme huo, na kivuli chake kiliweza kuonekana kwenye kioo kama utepe mweusi. Ikiwa picha inabadilika kwa mwendo uleule wa umeme, utepe hutulia mahali pamoja na macho huuzoea. Ikiwa mwendo ni tofauti, utepe hutembea juu na chini na kukera. Kwa hiyo kila upande ukachagua mwendo wa stima yake: Marekani nusu-picha 60 kwa sekunde, Ulaya nusu-picha 50.

Nasema nusu-picha kwa sababu picha haikutumwa nzima. Kwanza hutumwa mistari ya kwanza, ya tatu, ya tano na kuendelea, kisha mistari ya pili, ya nne, ya sita. Nusu mbili zinafanya picha moja. Ilikuwa njia ya werevu ya kupunguza mzigo hewani bila kufanya kioo kipepese. Likumbuke hilo, tutalirudia mbele.

Marekani waliunda kamati mwaka 1940, National Television System Committee, na herufi zake ndizo NTSC uliyowahi kuiona nyuma ya jalada la DVD. Mwaka 1941 wakakubaliana mistari 525 kwa picha. Kisha ikaja rangi, na hapo pakawa na ugumu wa kweli. Mamilioni ya watu tayari walikuwa na runinga za nyeusi na nyeupe. Huwezi kuwaambia wazitupe. Rangi ikabidi iingie ndani ya mawimbi yaleyale, kama mpangaji anayeingia nyumba iliyokwisha kujaa, bila kuwasumbua wenyeji. Wahandisi wakaificha kwenye wimbi dogo la takriban megahezi 3.58, katika sehemu ya mawimbi inayobeba chembe ndogondogo za picha. Runinga ya zamani haikulitambua wimbi hilo. Runinga mpya ilijua pa kulitafuta. Utaratibu huo ukaidhinishwa Desemba 1953.

Kulikuwa na gharama. Wimbi la rangi lilielekea kugombana na wimbi la sauti, na ili kuwapatanisha wakapunguza mwendo kidogo, kutoka picha 30 kwa sekunde hadi 29.97. Mtu wa kawaida haoni tofauti. Sisi waandika programu tunaiona kila siku. Ukiandika programu ya maandishi ya chini ya filamu na kudhani sekunde moja ni picha 30 kamili, baada ya saa moja maneno yamepishana na midomo kwa sekunde 3.6. Nimewahi kukesha usiku mzima kwa ajili ya hiyo 0.03.

Udhaifu mwingine wa NTSC ni kwamba wimbi la rangi likichelewa kidogo njiani, rangi yenyewe hugeuka, na uso wa mtangazaji huwa wa kijani. Runinga za Marekani zilikuwa na kitufe cha kuirekebisha, na wahandisi walitania kuwa herufi zile zinamaanisha rangi haiwi ileile mara mbili.

Mjerumani Walter Bruch, wa kampuni ya Telefunken huko Hannover, alipata dawa. Aligeuza sehemu ya wimbi la rangi kichwa chini kila baada ya mstari mmoja. Kosa likitokea, mstari mmoja unaelemea upande huu na unaofuata unaelemea upande ule, na ukizichanganya makosa yanafutana. Akaionyesha kazi yake mwanzoni mwa 1963 na kuiita PAL. Tarehe 25 Agosti 1967 huko Berlin, Willy Brandt alisimama mbele ya kamera kubonyeza kitufe chekundu cha kuzindua rangi. Rangi ikatokea kabla kidole hakijafika! Kitufe kilikuwa cha maonyesho tu, na aliyekuwa kwenye swichi halisi alikuwa na haraka.

Uingereza ilianza rangi ya PAL Julai mwaka uleule. Wafaransa walikuwa na yao, SECAM, kazi ya Henri de France, wakaianza Oktoba 1967, nao Wasovieti wakaingia kambi hiyo. Siasa ilikuwemo tele. Nchi nyingi zilizotawaliwa na Ufaransa zikafuata SECAM. Kenya, iliyoanza runinga mwaka 1962, iliishia kambi ya PAL yenye mistari 625 na nusu-picha 50. Majirani zetu wa Zanzibar walikuwa na runinga ya rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970, ilhali Tanzania bara ilikaa bila kituo hata kimoja hadi miaka ya 1990. Nani alisema visiwa huja nyuma?

Sasa turudi kwenye diski ya dada.

DVD ilianza kuuzwa Japani mwishoni mwa 1996 na Marekani mwaka 1997. Jambo ambalo watu wengi hawalijui, na mimi sikulijua, ni kwamba ndani ya DVD hamna PAL wala NTSC kwa maana halisi ya maneno hayo. Rangi kwenye diski ni namba tupu, zimepangwa peke yake, mbali na mwangaza. Hakuna wimbi la 3.58 wala la 4.43, ambalo ndilo la PAL. Tofauti iliyopo ni ya hesabu: diski ya Marekani ina mistari 480 inayoonekana na picha 29.97 kwa sekunde, ya kwetu ina mistari 576 na picha 25. Zote zina pikseli 720 kwa kila mstari.

Chukua kikokotoo uzidishe. 720 mara 480 mara 30. Kisha 720 mara 576 mara 25. Utapata 10,368,000 mara zote mbili. Si bahati. Mwaka 1982 wataalamu wa kimataifa walikubaliana kipimo kimoja cha kuigeuza runinga kuwa namba, kinachotosha kambi zote mbili, na DVD ikakirithi. Hata mistari kwa sekunde inakaribiana mno: 15,625 upande wetu, 15,734 upande wao. Ndiyo maana runinga ya PAL ikipewa picha ya NTSC haizimiki wala haitoi chenga tupu. Mistari inakaa sawa kushoto na kulia, kwa sababu mwendo wake ni karibu uleule. Kinachokataa ni mwendo wa juu kwenda chini, 60 badala ya 50, na hapo picha inapanda kama yetu ilivyopanda. Na rangi inapotea kwa sababu runinga inalitafuta wimbi la 4.43 na hailipati, kwa hiyo inaamua, kwa haki kabisa, kwamba hii ni picha ya nyeusi na nyeupe.

Mawimbi hayo basi yanatengenezwa na deki, wakati ule diski inapozunguka. Maana yake ni kwamba dawa ilikuwa kwenye deki muda wote. Kwenye menyu kulikuwa na mahali pa kuchagua mfumo wa TV: AUTO, NTSC au PAL. Yetu ilikuwa AUTO. Yaani deki iliona diski ya mistari 480 ikatoa NTSC kwa uaminifu, na runinga yetu ya PAL pekee ikashindwa. Nikaibadilisha kuwa PAL. Picha ikasimama. Gauni la dada likawa jeupe kweli, na wasimamizi wake, ambao tulikuwa tumewajua kwa rangi ya kijivu, kumbe walivaa zambarau.

Ilikuwa Novemba. Nyanya tulikuwa tumemzika Agosti. Aliiona harusi mara tatu, zote bila rangi.

Neno moja kwa wale ambao bado wana deki na diski za namna hii: kuna deki zinazobadilisha mistari na mwendo kikamilifu, na kuna zile zinazotoa kitu kinachoitwa PAL60, yaani mwendo wa Kimarekani uliopakwa rangi ya PAL. Ya pili hurudisha rangi, lakini runinga ikiwa ngumu kukubali 60 picha itaendelea kupanda. Na usichanganye hili na namba za kanda nyuma ya jalada. Marekani ni kanda 1, Kenya ni kanda 5, na zile zilikuwa kufuli za wafanyabiashara wa filamu. Diski iliyofungwa kwa kanda hukataa kucheza kabisa, haichezi bila rangi.

Ugonjwa wa pili nilikutana nao kwa mjomba. Runinga yake ilikuwa ya zamani, tundu la antena tu, haina soketi za AV. Basi akafanya walivyofanya wengi: akachomeka deki ya DVD kwenye deki yake ya kanda za video, na deki ya video akaichomeka kwenye antena ya runinga. Akaweka filamu halali ya dukani. Picha inang'aa, inafifia hadi giza, inang'aa tena, kila sekunde chache. Mjomba akasema ni stima, na miaka ile kuilaumu stima hakukuhitaji ushahidi mwingi.

Haikuwa stima. Mwaka 1985 filamu ya The Cotton Club ilitolewa kwenye kanda ikiwa na kinga mpya ya kampuni ya Macrovision. Kinga hii ilitumia ile mistari iliyofichika juu ya picha, ambayo mtazamaji haioni. Deki ya video hupima hapo nguvu ya mawimbi na kujirekebisha: yakiwa dhaifu inayaongeza, yakiwa na nguvu inayapunguza. Macrovision ikapanda hapo mapigo ya uongo yenye nguvu nyingi, yanayopanda na kushuka. Deki inadanganyika, inapunguza, inaongeza, na mtu anayejaribu kunakili filamu anapata takataka. DVD ikaichukua kinga hiyo hiyo. Shida ni kwamba deki nyingi za video huyarekebisha mawimbi hivyo hata zinapoyapitisha tu kwenda kwenye runinga. Mjomba hakuwa ananakili chochote. Alikuwa amelipia filamu yake, na adhabu iliyotungwa kwa ajili ya wezi ikamwangukia yeye, kwa kosa la kuwa na runinga kuukuu. Wauzaji wa diski bandia hawakuathirika hata kidogo. Diski zao mara nyingi hazikuwa na kinga. Hadi leo nikisikia kampuni ikitangaza kufuli mpya ya programu, namkumbuka mjomba.

Tulimtibu kwa kisanduku kidogo kutoka Luthuli Avenue, kinachogeuza mawimbi ya AV kuwa ya antena, tukairuka deki ya video kabisa. Giza likaisha.

Waya wa njano nao una hadithi yake. Unabeba mwangaza na rangi pamoja, yaani ule mpango wa 1953 wa mpangaji na wenye nyumba, umerudishwa hata baada ya diski kuwatenganisha vizuri. Runinga inabidi iwatenge tena, na wakati mwingine hukosea: mistari myembamba ya nguo inafanana sana na wimbi la rangi. Ndiyo maana shati la mistari, au kitenge chenye nakshi ndogondogo, hucheza rangi za upinde wa mvua mtu akitembea. Kwenye ile DVD ya harusi shangazi zake shemeji walimeta kama mafuta juu ya maji. Waya wa S-Video hutenga viwili hivyo, na nyaya tatu za kijani, buluu na nyekundu hutenga zaidi. Ila angalia: ukichomeka waya wa njano kwenye tundu la kijani utapata picha ya nyeusi na nyeupe tena, na utaanza kuilaumu Marekani bure.

Watu wakiwa warefu wembamba kama milonjo, hiyo ni menyu tu. Filamu pana huhifadhiwa kwenye DVD ikiwa imebanwa kwa ubavu, na deki inatakiwa kuambiwa umbo la kioo chako. Kioo cha zamani ni 4:3. Ukiiacha kwenye 16:9, inadhani runinga itaipanua picha yenyewe.

Jambo lingine si ugonjwa, ila huwashangaza watu. Filamu ya sinema hupigwa kwa picha 24 kwa sekunde. Kambi ya PAL iliona 24 na 25 ni ndugu, ikaikimbiza filamu kidogo tu. Filamu ya dakika 120 ikawa inaisha kwa dakika 115, na sauti za waigizaji, zisiporekebishwa, zikapanda juu kidogo. Kwa hiyo kama uliwahi kubishana na mtu wa Marekani kuhusu urefu wa filamu fulani, huenda nyote mlikuwa sahihi.

Mwaka 2015 Kenya ilizima matangazo ya analogi, na PAL ikatoka hewani. Mtu angetarajia mambo haya yaishe. Lakini diski zilizobaki majumbani bado zina nusu-picha zao. Kioo kipana cha kisasa huonyesha mistari yote kwa wakati mmoja, na mtu akitembea haraka nusu mbili hazilingani, kwa hiyo kingo za mwili wake huota meno kama ya kitana. Runinga nzuri huyalainisha, ya bei rahisi huyaacha. Wapo wanaodhani diski imekwaruzwa, wakaisugua kwa dawa ya meno. Tafadhali msifanye hivyo.

Diski zilizochomwa kwa tarakilishi zina adui mwingine, nalo ni umri. Zimetengenezwa kwa tabaka la rangi inayochujuka, hasa zikikaa kwenye joto na mwanga. Mwaka jana dada aliomba nakala ya harusi yake kwa ajili ya watoto. Nikazitoa zile DVD mbili kutoka sanduku la mama. Ya kwanza ikasomeka yote. Ya pili ikagoma karibu na ukingo wa nje, na kwa kuwa DVD huandikwa kuanzia katikati kwenda nje, kilichopotea ni mwisho wa sherehe: dakika 9, ikiwemo hotuba ya baba mkwe. Nilijaribu viendeshi vitatu tofauti, kimoja cha mwaka 2006, nikaokoa dakika 2.

Faili nimeliacha kama lilivyokuwa, mistari 480 na picha 29.97, nusu-picha zote ndani. Sikubadilisha kuwa PAL wala kulipanua. Kila ugeuzaji hupoteza kitu kisichorudi, na mashine za kulainisha zitaendelea kuwa bora kuliko ya kwangu ya leo. Kama una diski za mazishi, mahafali au ngoma za nyumbani, zinakili wikendi hii.

Nilimwekea mama kwenye runinga yake mpya, kioo kipana. Akatazama kidogo, akasema, "Mbona watu wote wamenenepa?" Runinga ilikuwa imeivuta picha ya 4:3 hadi ijae. Nikabonyeza rimoti, wakarudi kuwa wenyewe, na michirizi miwili myeusi ikatokea kando. Akauliza mbona sasa runinga imepungua. Tukaiacha hivyo, tukaendelea kuangalia.